Picha ya Wanjala Akiwa Wima

Tangu nirudi, kila mmoja wenu pale kwenye meza ya kahawa amepata kipande chake cha habari, na vipande vimeanza kuzaana. Juzi Hamisi alinieleza mimi mwenyewe, kwa uso mkavu, kwamba nilifungwa Webuye. Sikufungwa. Nililishwa Webuye, tena vizuri. Basi naandika yote mara moja, kituo kwa kituo, na atakayeongeza chumvi baada ya hapa ajue chakula si chake.

Wanjala mnamfahamu kwa jina tu. Zamani, kabla sijaoa na kuhamia huku Isiolo, nilikuwa nikitengeneza saa mjini Kitale, kwenye kibanda kilichoegemea ghala la mahindi, naye alikuwa mpima magunia humo ghalani. Yeye ni Mbukusu na Mkristo, mimi Mwislamu niliyezaliwa nyuma ya msikiti, lakini tangu siku za mwanzo ananiita bakoki, jina ambalo kwao huitana watu waliotahiriwa msimu mmoja. Hatukutahiriwa pamoja. Tulikula sahani moja miaka mingi, akaona inatosha. Nilipopata kamera yangu ya kwanza, watu wa kwanza kusimama mbele yake walikuwa yeye na mkewe, kisha watoto wao mmoja baada ya mwingine.

Mwaka jana Wanjala aliteleza akaanguka kutoka juu ya ghala lake la nyumbani, Mabanga karibu na Bungoma, akavunjika paja. Alilala miezi mingi. Binti yake wa kwanza, Nafula, yuko Kanada anasomea uuguzi, na muuguzi anajua mzee akivunjika paja huwa inaishia wapi. Kila alipopiga simu akaambiwa baba anatembea, hakuamini. Alisema kwenye simu hata maiti hutembea. Mwishowe akatangaza kwamba anaacha mtihani wake wa mwisho anarudi kumuuguza baba, na kwamba ikifika Jumapili hajaona picha, Jumatatu anakata tiketi. Hapo ndipo Wanjala aliponipigia.

"Bakoki, kuja na hiyo kamera yako," aliniambia. "Unipige nikiwa nimesimama. Picha ya mtu mwingine atasema ni ujanja. Yako ataamini."

Kwa nini yangu? Kwa sababu Nafula ananijua. Mimi picha ikitikisika siitoi. Naichana mbele ya mwenyewe, awe nani. Ile yake ya kipaimara niliichana huku amesimama palepale analia, nikampiga nyingine iliyonyooka. Mkono unaotikisika ukakate sukumawiki, usishike kamera. Maneno hayo mmeyasikia kwangu mpaka mmechoka.

## Isiolo hadi Kitale, na bati la biskuti

Mlionicheka kwa mzigo wangu siku ya kuondoka, nawajibu sasa. Nilibeba kamera moja ya chuma, ambayo betri yake ni ya kupimia mwanga tu, na hata ikifa kamera inaendelea na kazi. Nilibeba lenzi mbili: ya kawaida, na ile ndefu ninayoiita Bibi Mkubwa, inayouvuta uso wa mtu karibu na kugeuza kila kilicho nyuma yake kuwa uji. Na nilibeba stendi ya miguu mitatu yenye uzito wa mwanambuzi. Hiyo siiachi. Lenzi nzuri kwenye mikono ya mtu anayepumua haina tofauti na lenzi mbovu. Ukitaka picha kali, ama uache kupumua ama ubebe stendi, na mimi kupumua bado nakupenda.

Stendi nilikuwa nimeifunga kwa kikoi, na hilo ndilo kosa lililozaa uvumi wa kukamatwa. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alipita ndani ya basi akigusa mizigo. Alipoigusa ile yangu uso ukambadilika, akaniomba kwa adabu nyingi sana nishuke nayo. Niliifungua, miguu mitatu ikachomoza, akacheka yeye kabla yangu. Kisha akavaa kofia sawasawa, akasimama kando ya gari lake, nami nikampiga picha moja. Abiria wote walitusubiri. Hayo ndiyo mateso niliyopata mikononi mwa serikali.

Filamu nazo huwa siweki juu ya basi wala chini penye joto la injini. Nazipakata, ndani ya bati la biskuti lililotiwa mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Mama aliyeketi kando yangu alilitazama lile bati kuanzia Nyahururu. Nilijua anawaza nini: mzee huyu ana biskuti na anazila kwa macho. Tulipokaribia Eldoret nilishindwa kuvumilia, nikalifungua nikamwonyesha. Alitazama mchele mbichi na vile vikopo vyeusi kwa muda mrefu, akanionea huruma kabisa, akanipa yai la kuchemsha na chumvi kwenye karatasi. Alinisihi nile pole pole.

## Kitale, nyumbani kwa dada

Mwanga wa Kitale ni mali. Nyinyi wa Isiolo hamjui, kwa sababu hapa kwetu jua linapiga kutoka juu moja kwa moja na kumpa kila mtu macho ya fuvu. Kule wingu hupita mbele ya jua kama shuka safi, na uso wa mtu unatulia. Fundi wa picha anayelalamika kwamba kuna mawingu, mnyang'anye kamera.

Nililala kwa dada yangu Mwanaidi, katika nyumba ileile nyuma ya msikiti. Alichukua filamu zangu akaziweka kwenye friji juu ya samaki, kisha akaanza kunilisha kana kwamba Isiolo tunakula mawe. Binti yake, Zuhura, ana duka la simu mjini, na usiku ule aliniletea kitu cha plastiki cha rangi ya fedha, kidogo kama kisanduku cha sabuni. Akasema ni kamera ya kidijitali. Akanipiga nikiwa na tonge mdomoni, akanionyesha papo hapo kwa nyuma.

Mnajua msimamo wangu. Picha unayoiona papo hapo hukuisubiri, na usiyoisubiri hukuifikiria. Ukiwa na filamu ya picha thelathini na sita unapima, unatazama pembe zote nne, ndipo unabonyeza. Ukiwa na kisanduku cha sabuni unabonyeza kama mtu anayefukuza kuku. Nilimweleza hayo kwa urefu, na kumbe alikuwa ananisikiliza vizuri.

"Sawa, mjomba," akasema. "Lakini si hiyo filamu ikiharibika, wewe utajua kesho kutwa? Na Nafula anangojea."

Nilimwambia fundi hapangi safari ya kuharibikiwa. Dada yangu hakutaka mabishano. Alikichukua kile kisanduku akakitia kwenye mfuko wangu pamoja na mandazi, akasema kitu cha mtoto wa dadako hakikataliwi. Nikaufunga mfuko, maana mandazi yalikuwa mengi. Nilikusudia kukirudisha bila kukigusa.

Nilitaka kuondoka Ijumaa asubuhi. Mwanaidi akasema sitatoka kabla ya sala, na baada ya sala akasema sitatoka kabla ya pilau. Baada ya pilau ikaja mvua, akafurahi kana kwamba ameiagiza yeye.

## Kitale hadi Webuye, na kazi ambayo sikuiomba

Mvua ilipokatika nilipata lifti kwenye pikapu ya Barasa, jirani ya dada, aliyekuwa akipeleka miche ya kabeji Bungoma. Barasa ni mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: hawezi kupita mtu anayemfahamu bila kusimama, na anafahamu watu wote wa barabara ile. Tulisalimia hadi Kiminini, tukasalimia hadi Kamukuywa. Kwa kila mtu alinitambulisha kama mtu wa magazeti. Nilikanusha mwanzoni, kisha nikaona napoteza pumzi.

Tulipofika Webuye gurudumu likatoa hewa. Barasa akaenda kutafuta fundi, nami nikatazama nyuma nikaona vile vilima vya mawe juu ya mji, wingu jeusi nyuma yake na jua la jioni limevipiga kwa mbele. Mwanga wa namna hiyo haukai. Nilisimamisha stendi kando ya barabara, nikafunga Bibi Mkubwa, nikafunga jicho moja.

Nilipolifungua nilikuwa nimezungukwa. Mbele ya stendi yangu kulikuwa na safu ya vibanda, na wenye vibanda wote walikuwa wametoka. Mama mmoja mnene aliyevaa aproni ya kuuzia chai ndiye aliyetangulia.

"Shikamoo mzee," akasema. "Unapima balabala?"

Nikamjibu ukweli. Nikasema, hapana mama, napima mwanga. Wakatazamana. Sikujua kwamba wiki ile kulikuwa na fununu ya watu watakaokuja na chombo cha miguu mitatu kuangalia kibanda kipi kimeingia kwenye ardhi ya barabara, ili kipigwe alama ya X nyekundu na kubomolewa. Mimi nikaendelea kuchungulia, nasema kwa sauti kwamba hiki cha kushoto kinaniziba, na kingesogea kidogo ingekuwa vizuri.

Ndugu zangu, chakula kilichofuata sijawahi kukiona barabarani. Ilikuja chai ya maziwa matupu. Vikaja viazi vitamu vya moto. Mwenye kibanda cha kushoto, kile kilichoniziba, alileta kiti, kisha mahindi ya kuchoma, kisha akaniuliza kama nina wajukuu. Nilidhani ni ukarimu wa Webuye tu, nikala, nikawashukuru, na kila nilipowashukuru walizidi kuwa na wasiwasi. Barasa ndiye aliyeniokoa. Alirudi na gurudumu, akawatangazia kwamba huyu ni mtu wa magazeti, na kwa mara ya kwanza safari nzima uongo wake ukawa na faida.

Walicheka mpaka wakashikana. Yule mama akasema basi nimlipe chai kwa picha. Nilifurahi, nikamsogelea na lenzi ndefu nipate uso, maana ana uso mzuri wa kucheka. Akarudi nyuma.

"Hapana, bana. Unataka kunikata miguu? Mimi niko mzima. Nipige yote, na kibanda, na sufuria."

Nilimpa somo pale pale barabarani: picha ni uso, miguu ya watu wote inafanana. Hakulikubali somo. Nikampiga yote, na kibanda, na sufuria, nikaondoka najiambia kwamba watu hawa hawajui picha.

## Mabanga, na kochi

Tulifika kwa Wanjala wakati wa magharibi. Barasa alinishusha langoni, na mlangoni pa nyumba nikaona mtu amesimama ameshika fremu ya mlango. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote, lakini amesimama. Niliacha mzigo kwenye matope nikamkumbatia, na sioni haya kuwaambia kwamba nililia. Yeye alinitukana kwa Kibukusu kwa kuchelewa.

Mkewe, ambaye namwita shemeji, alitaka picha ipigwe palepale ili jambo liishe. Nikakataa. Situmii flashi. Flashi ni kummulika mtu kama mwizi wa kuku. Nikawaambia asubuhi, saa tatu hivi, jua likiwa bado chini na wingu jembamba, nitawapa picha ambayo Nafula ataitundika hospitali. Walinikubalia, maana mimi ndiye mwenye ufundi.

Asubuhi ile ya Jumamosi nyumba ilikuwa na furaha ya arusi. Kuku alikuwa amefungwa tangu alfajiri akinisubiri mimi, kwa kuwa hawakutaka nile kilichochinjwa na mkono mwingine, na nilipomaliza kuchinja watoto walipiga makofi. Wanjala alivaa suti yake ya kanisani. Viatu vyake vilipigwa rangi mpaka vikang'aa. Mwanawe Simiyu, anayelima shamba siku hizi, alimleta binti yake mchanga, aliyezaliwa wakati babu yuko kitandani na ambaye Nafula hajamwona. Hiyo ilikuwa akili ya shemeji: mtoto akiwa ndani ya picha, Nafula hatasema ni ya zamani.

Kisha kochi likatoka. Hakuna aliyeagiza. Simiyu na jirani walilishika huku na huku, wakalitua kwenye nyasi chini ya mti wa mnazarini, na shemeji akaja nyuma na vitambaa vyake vya kufuma, vile vyeupe vya maua, akavitandika kwenye mgongo na mikono ya kochi. Wakaleta stuli na redio juu yake. Ndivyo mzee anavyopigwa picha upande ule: mzee huketi. Mke husimama nyuma ameweka mkono begani, watoto pembeni, wajukuu chini. Mzee kusimama mbele ya wanawe kama askari wa zamu ni kuvunjiwa heshima. Nimepiga picha za namna hiyo maisha yangu yote, kwa hiyo sikuona jambo lolote geni. Nililiona kochi, nikafikiria rangi yake tu, kwamba ule wekundu utaniharibia uso.

Nilipokuwa nimeinama kwenye mfuko nikibadilisha lenzi na kutia filamu mpya nikasikia vigelegele. Vilikuwa vikubwa, mpaka nikakasirika, maana watu wakirukaruka ardhi hutikisika na stendi nayo. Nilipoinua kichwa Wanjala ameshaketi, fimbo kati ya magoti, mtoto mapajani, anapumua na kutabasamu. Baadaye ndipo nilipoambiwa vile vigelegele vilikuwa vya nini. Alikuwa ametoka mlangoni hadi kwenye kochi kwa miguu yake mwenyewe, na kila mtu aliona isipokuwa mpiga picha.

Lakini niwaambie, ile asubuhi nilipiga. Wingu lilikuwa shuka, uso wa Wanjala kila mkunjo uliongea. Sikumwambia acheke, kamwe usimwambie mtu acheke. Nilimuuliza habari za ghala la Kitale na yule panya tuliyempa jina la meneja, na alipokumbuka nikabonyeza. Nilimaliza filamu nzima. Mara mbili alijaribu kuinuka akisema jambo, na mara mbili shemeji akamrudisha kwa mkono begani, akisema, "Keti mzee wetu, usijichoshe." Nami nikasema ndiyo, keti, usiharibu fokasi.

## Mjini Bungoma

Mimi na Simiyu tulipanda bodaboda mbili za baiskeli hadi mjini, kila mtu na dereva wake, stendi imefungwa mgongoni mwangu. Tulipeleka filamu kwenye studio yenye mashine ya kusafisha kwa saa moja. Mwenye zamu alikuwa dada mmoja mpole anayeitwa Linet. Mpango ulikuwa mwepesi: picha zitoke, ya Wanjala ichaguliwe, iende saiba ya jirani ikapitishwe kwenye mashine na kutumwa kwa intaneti, Nafula aipate kabla hajaamka.

Picha zilitoka zikiwa na joto bado. Nilizitandaza kwenye kaunta na nikasahau adabu. Nilimwonyesha Linet jinsi kochi lilivyoyeyuka nyuma, jinsi kila unywele wa nyusi unavyohesabika, jinsi nilivyopima kivuli cha pua. Nilimwambia hiyo kazi kisanduku cha plastiki hakiiwezi hata kikisomeshwa. Alisikiliza yote. Akainua ile iliyo nzuri kuliko zote, akaitazama vizuri, kisha akaniuliza kwa sauti ya kupoza mgonjwa.

"Ni nzuri sana, mzee. Pole lakini. Huyu baba hawezi kusimama?"

Simiyu aliangalia picha. Mimi nikaangalia picha. Tukazipitia zote, moja moja, mpaka ya mwisho, kama watu wanaotafuta sindano. Kochi. Kochi na shemeji. Kochi na mtoto. Uso peke yake. Uso peke yake kwa karibu zaidi. Katika filamu nzima hapakuwa na picha hata moja yenye magoti yaliyonyooka. Nilikuwa nimesafiri kutoka Isiolo kumpiga mtu amesimama, na nimempiga ameketi kwa ustadi mkubwa kuliko siku zote za maisha yangu.

Nilizifunika kwa mkono. Hii picha ikimfikia Nafula, muuguzi, itamwambia jambo moja tu: wamemvisha suti wakamkalisha. Bila hata kungoja Jumatatu angekimbilia tiketi. Nilimgeukia Simiyu, nikakuta mabega yake yanaruka. Anacheka. Alisema sisi wote tulikuwa pale, mama alikuwa pale, baba mwenyewe alikuwa pale, na kochi alilibeba yeye kwa mikono yake. Nikaanza na mimi. Linet hakujua kisa, lakini alicheka pia kwa kutuangalia.

Bati la filamu nilikuwa nimeliacha Mabanga, basi nikanunua nyingine palepale. Ili nipate pa kuitia kwenye mfuko ilibidi niyatoe mandazi ya Mwanaidi yaliyobaki, na kile kisanduku cha sabuni kikatoka nayo. Nilikitia kwenye mfuko wa shati, haraka haraka, tukatoka mbio kutafuta baiskeli.

## Njia ya kurudi Mabanga

Niliwaza njiani namna ya kumsimamisha. Mbele ya ukuta mweupe, nikasema, stendi chini kidogo ili miguu ionekane mirefu. Lenzi ya kawaida. Nilikuwa hata sijaweka filamu kwenye kamera, kwa sababu filamu haiwekwi juu ya baiskeli inayorukaruka, hiyo ni sheria.

Tulipoiacha lami na kuingia njia ya udongo, dereva wangu akapunguza mwendo. Akasema kuna mzee mbele anakuja katikati ya njia. Nikachungulia pembeni mwa mgongo wake. Alikuwa mtu mrefu aliyevaa suti ya kanisani, viatu vyekundu kwa vumbi, fimbo mkono wa kulia, na nyuma yake shemeji amembeba mjukuu mgongoni, anamsihi apumzike. Wanjala alikuwa amebaki kwenye lile kochi baada yetu kuondoka, akaendelea kuota jua, hadi akajitazama magoti. Hapo akaelewa. Hakumwambia mtu. Aliinuka akashika njia kuja kutuzuia, na alikuwa amevuka mpaka wa shamba la pili.

"Wee Sefu," akapaza sauti kutoka mbali. "Rudi. Nimekaa, bana. Nimekaa zote."

Sikumbuki kushuka kwenye baiskeli. Kamera iko mgongoni bila filamu, stendi imefungwa kwa kamba mbili, na rafiki yangu anatembea mbele ya macho yangu, mguu mmoja baada ya mwingine, kwenye njia ya udongo. Mkono ulikwenda wenyewe mfukoni mwa shati. Nilikishika kile kisanduku cha plastiki kwa mkono mmoja, dereva ameshika mwingine nisianguke, nikabonyeza pale Zuhura alipobonyeza. Sikupima mwanga. Sikutazama pembe hata moja. Nilikuwa nacheka na kulia kwa wakati mmoja, na mikono yote miwili ilikuwa inatetemeka.

Baadaye, sawa, nilimsimamisha ukutani kama nilivyopanga. Alisimama kama mti wa simu.

## Saiba, na jibu

Tulirudi mjini saiba ikikaribia kufungwa. Kijana wa pale alitoa kadi ndogo kutoka kwenye kamera ya Zuhura, na ile picha ikajaa kwenye skrini. Niliona aibu. Imeinama upande. Kidole changu kiko pembeni kama ukuta wa nyama. Nusu ya fimbo haimo, shemeji ni doa, na kila kitu kimetikisika: suti, njia, mahindi. Kilicho dhahiri ni kwamba mzee mrefu anakuja, mdomo wazi, na mguu wake wa kulia hauko chini. Uko hewani.

Nilimwambia Simiyu tusiitume. Tusubiri filamu ya ukutani, hata kama Linet ameshafunga, tumwombe. Nilisema sijawahi katika maisha yangu kutoa picha kama hii, na sitaanzia kwa Nafula. Simiyu hakubishana nami. Alimwambia kijana abonyeze, akabonyeza.

Jumapili nilikaa na Wanjala kwenye lile kochi, ambalo hakuna aliyekumbuka kulirudisha ndani, tukala firigisi nusu kwa nusu na kungoja. Jumatatu asubuhi tulikwenda mjini wote watatu, yeye kwenye baiskeli ya tatu, na saiba ilipofunguliwa tulikuwa mlangoni. Barua ya Nafula ilikuwa imefika. Simiyu aliisoma kwa sauti, na sehemu ya baba yake ilikuwa ndefu, mambo ya fimbo na dawa na maonyo ya kutopanda ghala. Alisema anabaki afanye mtihani. Wanjala alitazama ukutani, akatoa leso, akaikunja, akairudisha bila kuitumia.

Mwishoni kulikuwa na maneno yangu.

"Anko Sefu, hii picha yako imetikisika. Ile yangu ya kipaimara uliichana kwa kutikisika kidogo tu, nikalia. Mtu kama wewe akituma picha kama hii, najua hakupanga kitu. Nimeamini."

Kamera nilimrudishia Zuhura nilipopita Kitale, naye alicheka tu. Picha za kochi ni nzuri sana, nitawaletea mzione, na maoni yangu kuhusu stendi hayajabadilika. Ile nyingine nimeikuza, iko sebuleni kwangu juu ya redio. Mkija kuitazama msiniambie imetikisika. Najua, na sijaichana.